Kompyuta imenyamaza tangu nibadilishe monita: ni kweli kadi ya sauti imeungua?

SWALI

Shikamoo fundi. Niko Makorora, hapahapa Tanga. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani ya Windows 10, niliinunua ikiwa imeshatumika ofisini. Ilikuwa inatoa sauti vizuri tu. Mwezi uliopita monita yake ya zamani iliharibika, nikapata nyingine, nikaiunganisha kwa waya wa HDMI kwa sababu ule wa zamani wenye pini nyingi haukuwa na pa kuingia. Tangu siku ile hakuna sauti kabisa. Spika zangu mbili ndogo zinawaka taa. Ile alama ya spika chini kulia haina msalaba. Nimezima na kuwasha hadi nimechoka. Alikuja fundi mmoja, akaangalia dakika chache, akasema umeme umeunguza kadi ya sauti, na kwa kuwa imo ndani ya ubao mama, yaani ubao mkuu wa kompyuta, inabidi ninunue ubao mama mwingine. Binti yangu yuko kidato cha pili, anajisomea Kiingereza kwa video, na bibi yake jioni hupenda kuwekewa taarabu. Kabla sijatoa hela, nifanyeje?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Hela usitoe kwanza. Umeeleza vizuri, na katika yote uliyoandika zito kuliko mengine ni hili: sauti ilipotea siku ileile uliyobadilisha monita. Umeme huweza kuunguza kadi ya sauti, sikatai. Lakini hapa ungekuwa umeiunguza siku hiyohiyo uliyochomeka waya mpya, ukaacha kila kitu kingine ndani ya boksi kikiwa kizima. Mimi siwezi kulikubali hilo kabla ya kupima. Na kupima kwenyewe hakuna gharama: unahitaji simu yako, tochi yake, na muda wa utulivu watoto wakiwa shule.

Kwa maoni yangu kilichotokea ni hiki. Waya wako wa zamani, ule wenye pini 15, unaitwa VGA. Ulianza mwaka 1987 na hubeba picha peke yake. Kwa hiyo muda wote uliokuwa ukiutumia, kompyuta haikuwa na pa kupeleka sauti isipokuwa kwenye tundu la spika. HDMI, iliyoanza mwaka 2002, hubeba picha na sauti pamoja katika waya mmoja. Monita ikichomekwa hujitambulisha kwa kompyuta: huieleza ukubwa wa picha inayoweza kuonyesha, na pia kama inapokea sauti. Zipo monita nyingi zisizo na spika hata moja lakini hujibu kwamba zinapokea, kwa sababu zina tundu dogo la hedifoni kwa nyuma. Windows ikisikia hivyo, mara nyingi huhamishia sauti yote huko bila kukuuliza. Ni kama mzigo uliopakiwa basi la Lushoto wakati mpokeaji anasubiri Pangani: mzigo upo, basi limeondoka salama, ila aliye Pangani ataona hajatumiwa kitu.

Hata hiyo alama isiyo na msalaba inakubaliana nami. Maana yake Windows inaona angalau pahali pamoja pa kupeleka sauti, na haijui kwamba pahali hapo hapana mdomo.

Basi anza hivi. Weka wimbo wowote upige, uache uendelee. Bofya kwa kitufe cha kushoto cha kipanya ile alama ya spika chini kulia. Juu ya mstari wa kupandishia sauti kuna jina la kifaa. Jina hilo wengi hawalisomi, nalo ndilo linalosema sauti inakwenda wapi. Ukikuta herufi na namba za modeli ya monita yako, au maneno kama Intel Display Audio, NVIDIA au AMD, sauti yako iko kwenye waya wa HDMI. Kando ya jina hilo kuna kimshale kidogo. Kibofye, orodha itafunguka, kisha chagua palipoandikwa Speakers, ambapo mara nyingi pembeni utaona Realtek au High Definition Audio. (Kwa wenye Windows 11, orodha hiyo inafunguliwa kwa kubofya alama iliyo kulia kwa mstari wa sauti.) Subiri kidogo. Kama wimbo umesikika, umepona, na ubao mama wako hauna tatizo.

Ila usiishie hapo, maana umeme ukikatika na kurudi, au monita ikizimwa na kuwashwa, Windows inaweza kurudia mchezo uleule na bibi akaachwa kimya tena. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, kitatokea kisanduku cha kuandikia, andika mmsys.cpl kisha Enter. Litafunguka dirisha lenye orodha ya vifaa vyote vya kutolea sauti. Bofya Speakers mara moja, halafu bonyeza Set Default chini. Kisha bofya kwa kitufe cha kulia kile cha monita na uchague Disable. Picha haitaguswa, ni sauti tu itakayofungiwa njia ile.

Dirisha hilo la mmsys.cpl naomba ulizoee, kwa sababu lina kitu ambacho kwa uzoefu wangu kinaokoa pesa kuliko kifaa chochote cha kupimia. Wimbo ukiwa unapiga, tazama upande wa kulia wa kila kifaa. Kuna vistari vya kijivu vilivyopangana kwa kwenda juu. Kwenye kifaa kinachopelekewa sauti, vistari hivyo hugeuka kijani na kupanda na kushuka kufuata muziki: ngoma ikigonga vinaruka, mwimbaji akivuta pumzi vinashuka. Utaviona vikicheza hata kama masikio yako hayasikii kitu.

Vikicheza kando ya Speakers na bado kimya, Windows imeshatimiza wajibu wake. Achana kabisa na habari za programu, usifute wala usipakue kitu. Tatizo liko nje zaidi, kwenye tundu, pini, waya au spika zenyewe, na mwisho kabisa ndiyo hiyo chipu ya sauti inayoshutumiwa, ile ambayo fundi wako aliiita kadi ya sauti. Visipocheza popote, rudi nyuma: programu inayopiga wimbo haitoi kitu, au Windows yenyewe imekwama. Vikicheza kando ya monita, tumeshalimaliza hilo. Kuangalia huku kunachukua chini ya dakika moja, na fundi yeyote anayetaka kukuuzia ubao mama ana wajibu wa kukuonyesha vistari hivyo kwanza.

Huenda Speakers haimo kwenye orodha, au imo lakini imefifia na imeandikwa kwamba haijachomekwa. Bofya kwa kitufe cha kulia mahali patupu ndani ya dirisha lile na uruhusu vifaa vilivyofungwa vionekane. Ikitokea, ifungue kwa Enable. Lakini ikiwa inasema haijachomekwa, iamini. Matundu ya sauti ya kompyuta za miaka hii yana kihisi kinachotambua pini ikiingia. Kompyuta ikisema haioni pini, basi ama pini haijaingia, ama imeingia tundu lisilo lake.

Na hapa ndipo nina wasiwasi wa pili kuhusu kompyuta yako. Ulipobadilisha monita lazima ulilivuta boksi, ukageuza mgongo wake, ukachomoa na kuchomeka. Washa tochi ya simu uchungulie nyuma. Kwa kawaida utaona matundu matatu madogo ya mviringo, kila moja lenye kipenyo cha milimita 3.5, na mara nyingi yamepakwa rangi. Kijani ni la kutolea sauti. Pinki ni la maikrofoni. Bluu ni la kuingizia sauti kutoka redioni au kwenye deki. Pini ya spika ikiwa kwenye pinki haitatoa kitu, na gizani nyuma ya meza ni rahisi mno kukosea. Kompyuta nyingine za ofisini hazina rangi, zina michoro tu iliyochongwa kwenye bati. Tafuta mchoro wa hedifoni au wa mshale unaotoka nje. Isukume pini hadi uhisi imegota. Pini iliyoingia nusu ina vituko vyake, na nitakueleza kimoja kwa ajili ya bibi.

Pini ya hedifoni ina sehemu tatu: ncha ni ya sikio la kushoto, pete ni ya kulia, na shina ni la kurudishia umeme kwa pande zote mbili. Shina lisipogusa vizuri, hedifoni hutoa tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Katika nyimbo za siku hizi sauti ya mwimbaji hurekodiwa sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo yeye hupotea na vyombo vikabaki vikisikika kwa mbali. Lakini rekodi za kale, kama zile za taarabu ya Tanga enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, zilirekodiwa kwa njia moja; kushoto na kulia ni kitu kimoja, tofauti yake ni sifuri. Utasikia kimya kitupu. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba video za mtoto zinatoa sauti kidogo na nyimbo za bibi hazitoi kabisa, na wote wawili wakawa wakweli. Ukikutana na hali hiyo, tafuta kosa kwenye shina la pini au waya uliokatika ndani, usihangaike na wimbo.

Sasa taa ya spika. Spika ndogo za aina yako mara nyingi zina waya mbili: mmoja wa USB na mwingine wa pini ya milimita 3.5. Ule wa USB ni wa kuleta umeme peke yake. Taa ikiwaka inakuambia umeme umefika, haikuambii lolote kuhusu sauti. Zijaribu nje ya kompyuta kabisa: acha USB ichomeke mahali pa umeme, hata kwenye chaja ya simu, na pini ichomeke kwenye simu au redio yenye tundu la hedifoni. Zikiimba, ni nzima. Zisipoimba, umempata mkosaji kwa bei ya spika. Halafu fanya kinyume chake: chukua hedifoni ya simu inayofanya kazi uichomeke kwenye tundu la kijani la nyuma, kisha kwenye lile la mbele. Kama la mbele linatoa na la nyuma halitoi, chipu ya sauti iko hai, maana kwa kawaida matundu yote mawili yanalishwa na chipu hiyohiyo. Kwa kuwa kompyuta yako imetoka ofisini, huenda pia ina spika ndogo ndani ya boksi. Baadhi ya Dell na HP za ofisini hutengenezwa hivyo. Chomoa pini zote usikilize. Hata kisauti chembamba kama cha redio ya zamani ni ushahidi wa kutosha kwamba kadi haijaungua.

Sisi wa Tanga tuna jambo letu ambalo mtu wa Dodoma hana haja ya kulifikiria sana. Hewa yetu ina unyevu na ina chumvi. Ukikaa Raskazoni au Chumbageni unaiona kwenye vyuma vya madirisha, na Makorora nako upepo unafika. Chumvi ikitua kwenye shaba na unyevu ukaikuta, hutengeneza kutu ya kijani. Ndani ya tundu la sauti kuna vibati vyembamba vinavyoibana pini. Kutu ikivivaa, sauti hukwaruza, hutoka upande mmoja, au haitoki. Kile kihisi nacho kikiganda, kompyuta hudhani muda wote kuna hedifoni mbele na hukatalia spika za nyuma. Tundu lisilotumika kwa miezi huathirika zaidi kuliko linalochomekwa na kuchomolewa.

Kulisafisha si kazi kubwa. Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme ukutani, si kuzima swichi tu. Tafuta alkoholi ya isopropili yenye maji kidogo iwezekanavyo. Uliza famasi au kwa wauza vifaa vya elektroniki. Lowanisha ncha ya pini safi, si kutiririsha, uiingize tundu husika na kuitoa mara kadhaa huku ukiizungusha. Futa pini kwa kitambaa cheupe. Ukiona alama ya kijani au nyeusi, umeona adui yako. Rudia hadi itoke safi, kisha acha pakauke vizuri kabla ya kurudisha umeme. Usitie mafuta ya aina yoyote, iwe ya nazi au ya cherehani, na usiingize sindano. Vile vibati vikipinda havirudi.

Upande wa programu nitaupitia haraka, kwa sababu kwako sidhani kama ndiko kwenye tatizo. Kivinjari kinaweza kunyamazisha kurasa moja moja: bofya kwa kulia kichwa cha ukurasa wa video uone kama sauti yake imefungwa. Video yenyewe ina kitufe chake cha sauti. Na ukibofya kwa kulia alama ya spika chini utapata Volume mixer, ambako kila programu ina mstari wake. Mmoja ukiwa chini kabisa, programu hiyo haitasikika ingawa nyingine zinasikika.

Draiva, yaani ile programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na chipu ya sauti, inahitaji maneno machache zaidi kwa kuwa hapo ndipo watu wanapoliwa pesa na bando. Bonyeza tena Windows na R, andika devmgmt.msc. Fungua mstari wenye alama ya spika, ule unaoanza na Sound. Kama kifaa chako kina alama ya mshangao ya njano, kibofye kwa kulia na uchague Uninstall device. Ukiulizwa kama draiva ifutwe pia, weka tiki. Kisha washa kompyuta upya. Windows ina draiva yake ya jumla ya sauti, imo ndani yake tangu enzi za Windows Vista, na inajiweka yenyewe bila intaneti. Kwa video za mtoto na nyimbo za bibi inatosha kabisa. Ukitaka draiva ya mtengenezaji, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako na uingize modeli iliyoandikwa kwenye kibandiko cha boksi. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mkupuo, tafadhali zikimbie. Hula bando, huleta matangazo, na nyingine huweka draiva isiyo ya mashine yako ukazidi kuharibikiwa.

Kuna pia huduma mbili za Windows zinazosimamia sauti: Windows Audio na Windows Audio Endpoint Builder. Andika services.msc kwa njia ileile, zitafute, na uhakikishe zote zinafanya kazi na zimewekwa Automatic. Ukibofya Restart kwenye ya pili, ya kwanza nayo itaanza upya.

Mtu asikutishe kwa habari kwamba Windows 10 imeisha. Ni kweli Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa usalama wako ni vyema ufikirie kuhama polepole. Lakini sauti haizimwi na hilo.

Tuseme umefanya yote hayo: jina la kifaa ni sahihi, vistari vya kijani vinacheza, spika zimepimwa kwenye simu, matundu yote mawili yamesafishwa, na bado kimya. Sasa ndipo naanza kumsikiliza yule fundi. Pima mara moja zaidi. Mwombe kijana mwenye intaneti ya kutosha akuandalie Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi ya GB 8; faili lake ni karibu GB 3, hivyo si jambo la kupakulia bando la siku. Kompyuta inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi hiyo na kutumika bila kugusa Windows wala mafaili yako, mradi usibofye palipoandikwa Install. Ndani yake fungua mipangilio ya sauti, chagua spika, na bonyeza kitufe cha kujaribu. Ikitoka sauti huko, chipu ni nzima na Windows ndiyo iliyovurugika. Isipotoka huko pia, au kifaa cha sauti kisionekane kabisa katika mifumo yote miwili, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile ya msingi inayotangulia Windows, wakati kompyuta inawaka, F2 kwa Dell na F10 kwa HP, uone kama sauti ya ndani haijafungwa. Kama iko wazi, chipu imekufa au njia yake imekatika. Hutokea, hasa radi za masika zikipiga karibu na kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani.

Na hata hapo, ubao mama hauhitajiki. Hili ndilo lililonisikitisha katika ulivyoambiwa. Kuna kadi za sauti za USB, kitu chenye ukubwa wa kidole gumba, upande mmoja kinaingia USB na upande wa pili kina tundu la spika na la maikrofoni. Windows hukitambua bila kuwekewa draiva, na bei yake haikaribiani hata kidogo na ya ubao mama pamoja na ufundi wa kuubadilisha. Mafundi wanaouza vifaa vya simu na kompyuta kule Ngamiani wakikosa, watakuagizia kutoka Dar. Ukikichomeka, kichague kwenye ile orodha ya majina, na biashara imekwisha. Fundi anayejali angekitoa mfukoni, akakijaribu mbele yako kabla ya kutamka neno kuungua. Akija mwingine, mwombe kwa heshima akuonyeshe kwa vitendo: amejaribu spika nyingine? Amejaribu kadi ya USB? Vistari vilicheza? Anayeijua kazi yake atafurahi kukuonyesha.

Kuna njia nyingine ambayo pengine unayo tayari bila kuijua. Chungulia nyuma au ubavuni mwa monita yako mpya. Ikiwa ina tundu la hedifoni, unaweza kuiacha sauti ipite kwenye HDMI kama Windows ilivyopenda, kisha ukachomeka pini ya spika kwenye monita badala ya boksi. Zingatia tu kwamba monita ina kiwango chake cha sauti ndani ya menyu yake, kinachopandishwa kwa vile vitufe vya chini ya kioo, na mara nyingine hufika kutoka kiwandani kikiwa chini sana. Na ikiwa monita ina spika zake, utajua papo hapo. Ni nyembamba na hazina besi, ila kwa masomo ya Kiingereza zinatosha. Taarabu ibaki kwa spika zako.

Sauti isiporudi, niandikie tena ukiwa na mambo haya: modeli ya kompyuta kama ilivyo kwenye kibandiko, jina la kifaa ulilolikuta ulipobofya alama ya spika, vistari vya kijani vilicheza kando ya nini, hedifoni ya simu ilisemaje kwenye tundu la mbele na la nyuma, na kama pini ilitoka na rangi ya kijani ulipoifuta. Piga pia picha ya mgongo wa boksi, mchana, waya zote zikiwa zimechomekwa kama zilivyo. Usizipange kwanza.